Wa Nne Kutoka Kushoto

Leo mnivumilie, sina maneno matamu. Katika parokia moja, na msianze kutazamana, si hii, kulikuwa na mama mmoja aliyesimamia kipaimara cha mabinti kumi na wanne kwa siku moja. Kumi na wanne! Askofu anapaka mafuta, mama anahama bega hadi bega, mkono wa kulia huku, mkono wa kulia kule, nusura akimbie. Kwa nini wazazi walimgombania, mnajua wenyewe. Msimamizi mwenye gari haji na rozari tupu.

Binti wa kumi na tano alikosa nafasi. Akasimamiwa na mama anayefagia kanisa, asiyejua kusoma hata herufi moja. Mzazi wa binti alilia siku ile, tena kwa aibu.

Sasa huyu binti na mmoja wa wale kumi na wanne walikaa dawati moja, kidato cha pili. Hesabu ziliwashinda wote wawili, na nyumbani wote walishaambiwa: ukifeli, unaolewa.

Yule mfagiaji alifanya nini? Kila Alhamisi, akishaweka ufagio, aliketi na binti yake kwenye ngazi za kanisa.

"Nionyeshe ulipokosea."

"Lakini mama, wewe hesabu huzijui."

"Ndiyo maana nakuuliza. Nieleze mpaka nielewe mimi."

Binti anaeleza, anakwama. Kesho yake anamuuliza mwalimu, Alhamisi anarudi kueleza tena. Mwaka mzima. Siku nyingine daftari halikufunguliwa kabisa, binti alilia tu na mama akamsikiliza.

Na mwenzake? Alikwenda kwa msimamizi wake mara tatu. Mara mbili aliketishwa sebuleni mpaka akachoka, akarudi kwao. Mara ya tatu alimkuta mama mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Shikamoo mama. Nina shida, naomba tuongee."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi nina semina ya malezi ya vijana, mtakuwa mia mbili. Njoo, shida yako utaisikia humo humo."

Alikwenda. Akapata soda na fulana. Mtihani ukamshinda, na kabla ya Pasaka akaozwa kwa mwanamume aliyemzidi baba yake umri. Yule wa mfagiaji leo ni mwalimu. Anafundisha hesabu.

Habari za ndoa ile zikamfikia mama mwenye gari. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli, sitamsingizia. Akaenda mpaka huko, akamkuta binti anachambua mchicha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja mara tatu, mama."

"Ulikuja lini? Kwanza wewe ni yupi kati yao?"

Binti hakuinua macho. "Wa nne kutoka kushoto. Kwenye ile picha kubwa uliyoitundika sebuleni. Nilikuwa najitazama pale nikikungoja."

Ndugu zangu, nani alimwoza yule binti? Baba yake? Ndiyo, na Mungu atamuuliza. Na sisi je? Sisi tunaolea vijana kwa maikrofoni? Tunawapanga mistari, tunawapiga picha, tunawalisha pilau, halafu tunaulizana wamepotelea wapi. Kijana halelewi kwa mafungu kama nyanya za sokoni! Huyu ana lake na yule ana lake, na hawezi kulisema mbele ya watu mia mbili. Atalisema kwa mtu mmoja aliyekaa chini akamngoja. Naona uchungu kusema haya, maana picha kama ile hata mimi ninayo.

Hapa nimepewa karatasi nitangaze semina ya vijana ya mwezi ujao. Sitangazi. Naomba kila aliyewahi kusimamia mtoto kipaimara ndani ya kanisa hili asimame, anitajie jina la huyo mtoto, na aseme leo hii yuko wapi na anasumbuliwa na nini.

Mbona mmekaa?