Nani Atamtoa Kombo Nje?

Haya, sogeeni. Na mwenye kitoto mapajani akishike vizuri, maana kisa hiki kinakera.

Nyumbani kwa Mize walikuwapo watatu wenye vipaji. Mama mkwe wake, Bi Mosi, alikuwa na masikio: akiwa uani husikia chungu kikitaka kufurika jikoni. Wifi yake, Tima, alikuwa na miguu: ukimtuma chumvi, hurudi kabla mate hayajakauka. Kaka yake Mize mwenyewe, Fundi Mbwana, alikuwa na mikono ya kung'oa msumari bila koleo.

Mize alipojifungua Kombo, watatu hao walimwandalia kitanda. Mbwana alikiunda, fito za ubavuni akaziachanisha, eti mtoto apate hewa. Bi Mosi akashona mto mnene wa sufi. Tima akaufunga mto huo ubavuni kwa utepe, wageni wapate cha kusifia.

“Nesi kaniambia kitanda kiwe kitupu,” Mize alisema. “Godoro gumu, shuka iliyobana, basi.”

“Huyo nesi wako kazaa wangapi?” Bi Mosi akauliza. Wakacheka wote watatu.

Asubuhi ya siku ya thelathini na saba, Mize akiwa bafuni, Kombo alifurukuta. Miguu ikapenya kati ya fito, akateleza hadi kifuani, akanasa. Utepe ukalegea, mto ukamwangukia usoni.

Bi Mosi, kule uani, alisikia pumzi inakatika, akapiga ukelele. Bila masikio yake asingejua mtu.

Tima alichomoka barazani, akafika wa kwanza, akautupa mto. Bila miguu yake wangekuta maiti.

Lakini mtoto alikuwa bado amenasa, amegeuka bluu kwa kubanwa kifua. Mbwana akaingia nyuma ya Tima, akazivunja fito kwa mikono mitupu, akamchomoa.

Mize alifika kanga ikichuruzika maji.

Sasa, katika ukoo ule, anayemtoa mtoto nje siku ya arobaini huwa mzazi wake wa pili, mwenye kauli juu yake maisha yote. Mama haruhusiwi kumtoa mwenyewe, wala baba. Basi watatu wakaanza kugombana.

“Mimi ndiye niliyesikia!”

“Mimi ndiye niliyewahi!”

“Mimi ndiye niliyemtoa!”

Mize akapandwa na hasira. “Na mto alishona nani? Utepe alifunga nani? Fito aliziachanisha nani? Nilisema, mkanicheka! Mlikaribia kuniulia mwanangu, leo mnadai tuzo?”

“Shukrani ya punda ni mateke,” Bi Mosi akajibu. “Thubutu umtoe mwenyewe, uone kama ukoo huu utakutambua.”

Arobaini imefika. Wageni wamejaa uani, mlango uko wazi. Mize amesimama kizingitini amemkumbatia Kombo, na mikono ya watu watatu imenyooshwa mbele yake. Kila mmoja alimwokoa, na kila mmoja alimponza.

Je, wewe ungekuwa Mize, ungemkabidhi nani? Au ungevuka kizingiti naye mwenyewe?