Mwenye Shida Atunge Sindano

Aliyeisimulia kwanza ngano hii ni Bi Kazija binti Faki, jioni ya kuanika karafuu, mwaka ule mvua za vuli zilipokosa kunyesha. Yeye mwenyewe alikuwamo ndani ya ngano, kwa hiyo alivyoisimulia yeye, wote walikosea ila yeye. Nimerekebisha nilipoweza.

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa sindano.

Ya nani?

Ya mwenye kiraka.

Kiraka kiko wapi?

Kiko mkononi mwangu. Sogeeni motoni nikishone.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na mwanamke, jina lake Mize. Alikuwa na mume, Kombo. Alikuwa na mavyaa, yaani mama wa mumewe, ndiye huyo Bi Kazija. Na alikuwa na beberu. Wengine husema mabeberu walikuwa wawili. Si kweli. Alikuwa mmoja, ila kelele zake zilikuwa za wawili.

Mize alipenda kushona mfarishi kuliko alivyopenda wali wa nazi. Viraka juu, kanga kuukuu katikati, shuka chini, kisha sindano inapita tabaka zote tatu: chwi, chwi, chwi. Akikutana na mtu aliyevaa nguo iliyochakaa, alianza kuitazama nguo, ndipo akamsalimu mtu.

Siku moja binti yake Raya, aliyeolewa kitongoji cha pili, akajifungua mtoto wa kike. Sasa sikilizeni desturi ya huko. Mtoto hutolewa nje siku ya arobaini, akalazwa juu ya mfarishi mpya, na aliyeutandika mfarishi ndiye anayemtaja jina. Bibi mzaa mama ndiye anayepewa nafasi ya kwanza. Lakini mfarishi wake sharti uwe na kiraka cha nguo ya kila aliye hai nyumbani kwake. Asiye na kiraka huhesabiwa maiti.

Mize alitaka mjukuu aitwe Mwanasiti. Ndilo jina la marehemu mama yake, na katika ukoo mzima hapakuwa na mtoto aliyepewa. Akalitaka jina hilo lirudi ulimwenguni. Lakini Bi Zuwena, mama wa mume wa Raya, alikuwa na jina lake la kutoa, nalo lilikuwa Zuwena.

Akaja kumtazama Mize, blanketi kwapani.

"Habari za kushona, mkwe mwenzangu?"

"Nzuri."

"Mimi sina haraka. Ukishindwa, blanketi langu lipo. Lina picha ya chui."

Akalikunjua ili lionekane. Beberu, aliyekuwa amelala mlangoni, akamwona chui, akapanda juu ya paa la jiko. Akashuka siku ya tatu.

Mize akaketi ashone. Chwi, chwi.

"Mama Raya!" akaita Kombo. "Kofia yangu iko wapi?"

"Iko kichwani, Baba Raya."

Akaketi tena. Chwi, chwi.

"Mwanangu!" akaita Bi Kazija.

"Labeka, mama."

"Njoo unikune mgongo. Chini kidogo. Juu kidogo. Hapo. Sasa umepapita."

Akaketi tena. Chwi, chwi.

"Bi Mize!" akaita beberu. "Kamba imenizonga mguu."

"Umejizonga mwenyewe."

"Sikuuliza nani kanizonga. Nimesema imenizonga."

Na kila aliporudi, uzi ulikuwa umechomoka sindanoni. Macho yake yalikuwa ya bibi sasa. Alilamba uzi, akaulenga kwenye tundu, akakosa. Akalamba, akalenga, akakosa. Akalamba, akalenga, na alipokaribia kupata akaitwa. Siku kumi zikapita. Viraka vilikuwa vinne.

Mize akafikiri, akasema, "Nitajificha." Akaingia ghalani, akalala kifudifudi nyuma ya magunia, akashona. Hakuna aliyemwona ila beberu.

"Umemwona Mama Raya?" Kombo akamwuliza beberu.

"Nimemwahidi nisiseme kuwa yumo ghalani," akajibu beberu.

Mize akatoka na vumbi la karafuu puani. Akapiga chafya mpaka jioni.

Akafikiri tena, akasema, "Nitashona huku nikiwahudumia." Akaketi katikati yao. Mkono mmoja unashona, mwingine unamkuna Bi Kazija, jicho moja liko kwa beberu, na kinywa kinamweleza Kombo kwamba viatu vyake viko mguuni. Kombo alikuwa ameketi ubavuni pake. Adhana ikalia, Kombo akainuka, na mfarishi ukainuka naye, kwa maana Mize alikuwa ameushonea kwenye kanzu yake. Kombo akaenda nao hadi mlangoni mwa msikiti, akidhani ni upepo umeshika pindo. Imamu mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Kombo, umekuja na kitanda?"

Kufumua kulichukua siku tatu. Siku ishirini zilikuwa zimekwisha, na viraka vilikuwa vile vile vinne.

Mize akaenda nyuma ya jiko, akakaa chini ya mnazi, akalia. Juu ya mnazi ule palikuwa na mnana, ndege yule wa manjano anayesuka kiota chake kama kikapu. Alikuwa akisuka, na wanawe wanne waliokwishaota mbawa wakimpigia kelele.

"Mnana," Mize akasema, "unasukaje na kelele zote hizo?"

"Anayetaka kitu kwangu ananiletea jani kwanza," akasema mnana. "Akilileta nampa anachotaka. Asipolileta, najua hakuwa na njaa. Alitaka kuniita tu."

"Wangu hawana kazi na majani."

"Wewe kwenye kushona unachelewa wapi?"

"Kwenye tundu la sindano. Silioni."

"Basi nenda nyumbani," akasema mnana, "nami uniache nifunge kitako cha nyumba yangu."

Mize akafuta uso. Akatandika mkeka katikati ya ua, akatandaza mfarishi, akaweka boga, na juu ya boga akachomeka sindano kumi zisizo na uzi. Kisha akawaita wote.

"Kuanzia leo mwenye shida nami atunge sindano kwanza. Akishatunga, nitamsikiliza mpaka mwisho. Aliyeungua, aliyeanguka na aliyeumwa na nge, hao hawatungi. Waje tu."

Akaketi. Chwi, chwi.

"Mama Raya, kofia yangu..."

"Sindano, Baba Raya."

Kombo akachukua sindano. Akafumba jicho la kulia, akakosa. Akafumba la kushoto, akakosa. Akafumba yote mawili, akajichoma. Jua lilipofika utosini uzi ukapita.

"Nimeweza," akasema. "Nilitaka nini?"

"Kofia."

Akajipapasa kichwa. "Ipo."

Akaja Bi Kazija. "Mimi mavyaa wako nitunge sindano?"

"Ni mwiko, mama?"

Bi Kazija akafikiri sana, asiupate mwiko wowote. Akaegemea mwimo wa mlango akitunga, akijisugua huku na huku, na sindano ilipopata uzi mgongo ulikuwa umenyamaza.

Akaja beberu. "Mimi nina kwato."

"Basi nishikie kidonge cha uzi kwa meno."

Beberu akakishika. Na kwa kuwa kinywa kilikuwa kimejaa, ua ukatulia kama siku ya kwanza ya dunia.

Sindano kumi zilikuwa tayari daima. Zikiisha, hakukosekana mtu wa kuuliza kofia. Na Mize naye hakuvunja ahadi: aliyetunga alisikilizwa mpaka mwisho. Siku moja Kombo akatunga sindano tatu mfululizo, akazichomeka kwenye boga, akakaa.

"Una shida gani, Baba Raya?"

"Sina. Nimetunga tu."

Akabaki pale mkekani, akamwonyesha kiraka cha kanzu yake na kumweleza mti uliompasulia kanzu ile, siku alipokuwa akienda kumposa. Mize alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo kwa miaka yote.

Siku ya arobaini mfarishi ukatandikwa uani kwa Raya. Bi Zuwena akapiga magoti, akakagua kiraka kwa kiraka.

"Cha Kombo kipo. Cha Bi Kazija kipo. Hiki je?"

"Ni kitambaa cha kamba yangu," akasema beberu, akisimama mbali na blanketi. "Nami ni wa nyumba ile."

Bi Zuwena akakagua pembe zote nne, kisha akainuka, akajifuta magoti.

"Cha Mize kiko wapi?"

Mize akautazama mfarishi. Alikusanya nguo za wote siku arobaini, asijikumbuke yeye.

"Asiye na kiraka ni maiti," akasema Bi Zuwena kwa upole. "Na maiti hatoi jina. Nipisheni nitandike chui."

Mize akaomba sindano, akalamba uzi, lakini uzi ukapita kushoto kwa tundu, ukapita kulia. Kombo akaichukua sindano mkononi mwake. Akalamba uzi. Hakufumba jicho hata moja. Uzi ukapita mara ya kwanza.

Akaikata ncha ya kanga ya mkewe, mkewe akiwa ameivaa, akapiga magoti, akaishona mwenyewe. Mishono ilikwenda mirefu kama hatua za korongo, na kiraka kikakaa upande.

"Kimepinda," akasema Bi Zuwena.

"Yu hai," akasema Kombo.

Mtoto akalazwa. Mize akainama, akamtaja sikioni: Mwanasiti. Naye Mwanasiti akajibu kwa kukojolea kiraka cha Bi Kazija.

Ngano inawafundisha hivi: ukipenda kazi usiwakimbie watu wako, wala usiitupe kazi yako. Wape sindano. Na unapowahesabu wa nyumbani, anza na wewe.

Hapa napiga fundo na kukata uzi. Ikiwaenea, jifunikeni, ikiwabana, nirudishieni niifumue.

Mfarishi uko sandukuni kwetu. Anayefariki, kiraka chake huzungushiwa uzi mweusi. Kombo amezungushiwa, na Mize, na Bi Kazija. Bi Zuwena aliomba kiraka uzeeni, akapewa, naye amezungushiwa. Beberu aliliwa arusini, na waliomla wanasema alikuwa mgumu. Kile kiraka kilichopinda hakijaachia mshono hata mmoja. Raya yu hai. Haoni vizuri, na bado anashona. Mwanasiti yu hai, ndiye anayemtungia.