Jina la Nyota ya Mwisho

Sogeeni karibu. Anayeona haya kulia aende jikoni akamenye vitunguu, apate kisingizio.

Walikuwako watu watatu wa nyumba moja, kazi yao kuorodhesha nyota za galaksi jirani. Barke alikuwa na jicho: kati ya vinukta maelfu, kile kigeni alikiona yeye. Lakini tangu ajifungue hakuna aliyemwita Barke tena. Alikuwa Mama Ruzuna. Mumewe, Msellem, alijua kutenganisha nyota za kwetu, zilizokaa mbele tu, na zile za kule kwa jirani kweli. Nyamizi, dada yake Msellem, alikuwa na subira ya kurudia kazi hadi wengine wakasirike.

Na alikuwako Ruzuna mwenyewe, akicheza chini ya meza yao. "Mama, yangu ipi?"

"Tukimaliza, ya mwisho utaichagulia jina."

Maana ndiyo ilikuwa desturi yao: nyota zote hupewa namba, ila ya mwisho hupewa jina na aliyeipata. Jamani, homa ikamchukua Ruzuna kabla hawajamaliza! Wakazika, wakarudi kazini. Wangefanya nini?

Ya mwisho aliiona Barke. Picha za kawaida zilionyesha vumbi tupu. Lakini zile zilizopigwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, ule unaopenya vumbi, zilikuwa na kinukta hafifu pembeni. "Kuna mtu hapa," alisema, akikigusa kile kinukta kwa kidole.

Kompyuta ilikuwa imeshaitupa, ikidhani ni nyota ya kwetu. Msellem akapima rangi yake, akailinganisha na za kule. "Hapana. Hii ni ya kwao."

Ila nyota iliyoonekana mara moja haiingizwi. Huenda ni doa la kioo cha darubini. Nyamizi akafukua picha za zamani, za darubini nyingine, akaikuta palepale. Bila yeye, isingeingia.

Haya, jina sasa.

"Iitwe Ruzuna," Msellem alisema.

"Ibaki namba," Barke akajibu. "Nilimwahidi achague mwenyewe. Hakuchagua. Nani wa kumchagulia?"

Nyamizi akaangua kilio. "Wifi, alichagua! Kule hospitali, ulipotoka kuchota maji. Alisema, 'Shangazi, mama kila mtu anamwita Mama Ruzuna, jina lake limepotea. Nyota yangu iiteni Barke.'"

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzaje, wifi yangu? Ulikuwa huwezi hata kusimama."

Barke akashika ukingo wa meza. "Mwanangu apewe kaburi, mimi nipewe nyota? Sitaki. Jina langu ni Mama Ruzuna. Hilo ndilo pekee aliloniachia, na msiniondolee."

Msellem alitaka kumshika mkono, akashindwa. Wote watatu walilia pale pale mezani, na chini ya meza hakukuwa na mtu.

Haya, nyinyi mnaopenda kuamua mambo ya watu. Aliyeiona anataka namba. Aliyeitambua anataka jina la binti yake. Aliyeithibitisha amebeba neno la marehemu, na hakuna mwingine aliyelisikia. Nafasi ya jina iko wazi mpaka leo.

Je, wewe ungeandika nini pale? Na ungemtazamaje mama wa mtoto huyo ukishaandika?