Diski ya Miaka Elfu na Kesi ya Mbuzi

Isome yote kabla hujamtumia mwenzio, maana siku hizi watu wanasambaza hata wasichokisoma. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini hii hata wenye shahada hunifuata niwasimulie, na kila nikiisimulia mtu husahau chai yake mpaka inapoa.

Palikuwa na Mfalme Kibwana, mtawala wa nchi yenye kesi nyingi kuliko ng'ombe. Kila hukumu, kila mpaka wa shamba na kila ukoo uliandikwa na kuwekwa katika chumba kimoja cha karatasi. Mtunzaji wake alikuwa Bi Mwantumu, aliyepigana na mchwa miaka thelathini na miwili kwa majani ya mwarobaini na mafuta ya taa.

Fundi Sadala, aliyepewa mwaka mzima kunakili chumba kile, alirudi siku moja na diski ya kioo isiyozidi kiganja cha mkono. Alisema kila karatasi imo ndani, imeandikwa kwa mwanga, na nafasi iliyobaki inatosha nchi nyingine kumi. Haiozi, hailowi, na mchwa hawana meno ya kuitafuna. Itakaa miaka elfu moja. Akaomba zile karatasi zichomwe na chumba kiwe ghala la mpunga.

"Na bibi huyu akapumzike," akaongeza kwa adabu. "Amechoka."

Bi Mwantumu akajibu kwamba mtu akichoka husema mwenyewe.

Mfalme aliipenda diski, hasa alipoziona ndevu zake ndani yake. Lakini alikuwa mtu wa kuonja mchuzi kabla ya kumsifu mpishi.

"Miaka elfu siwezi kuisubiri," alisema. "Ila mtu wa miaka elfu ijayo ni nani? Ni mgeni tu. Hanijui mimi, wala hakujui wewe. Na wageni tunao hata leo, kule nyuma ya milima. Tuwapelekee tuone kama watajua ni nini."

Fundi akataka iende pamoja na mashine yake ya kuisomea. Mfalme akamuuliza mashine hiyo itaishi miaka mingapi. Fundi akakohoa, akasema kumi, ikitunzwa vizuri.

"Basi diski itakwenda peke yake."

Ikapelekwa kijiji cha kwanza bila maelezo yoyote. Bi Mwantumu naye akaambiwa atoe bunda moja la karatasi, likapelekwa kijiji cha pili, bila maelezo vilevile. Bunda likishindwa, chumba kizima kitachomwa siku Mfalme atakayorudi kutoka kukagua. Alilifunga kamba mara tatu, kama anayemfungasha binti anayekwenda kuolewa mbali.

Mpunga ulipoiva, Mfalme akafunga safari na wote wawili.

Kijiji cha kwanza hawakuhitaji kuuliza. Diski ilikuwa inaning'inia juu ya mti mrefu katikati ya shamba la mama mmoja aitwaye Chausiku, inazunguka kwa upepo na kurusha mwanga huku na huku. Kweleakwelea walikuwa wamejazana shamba la jirani, hawathubutu kuvuka. Mama Chausiku alimshukuru Mfalme mpaka akapiga magoti, akaomba nyingine kumi na moja kwa ajili ya ndugu zake.

Fundi akaishusha, akaifuta kwa kanzu yake, akaitia kwenye mashine waliyokuja nayo juu ya punda. Haikupotea hata nukta. Jua, mvua, vumbi na mavi ya ndege, vyote vilikuwa vimeshindwa. Akasimama kama jogoo aliyepanda paa.

"Nakubali, imehifadhi," alisema Mfalme, kisha akamgeukia mwenye shamba. "Mama, na inasemaje?"

"Inasema 'tokeni', Mtukufu. Na ndege wanasikia."

Bi Mwantumu akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Alicheka njia nzima mpaka kijiji cha pili, na hapo kicheko kikamkauka.

Karatasi zake zilikuwa zinafungiwa karanga. Mzee Ngozoma, muuza karanga, alikuwa akizikunja moja moja kama pembe na kuzijaza karanga za moto. Bunda lilikwishapungua zaidi ya nusu. Bi Mwantumu akakaa chini vumbini. Fundi akatazama pembeni kwa heshima, maana hata yeye hakupenda kumwona mtu mzima akishindwa namna ile.

Lakini foleni ya wanunuzi ilikuwa ndefu kupita njaa. Mama mmoja akairudisha karatasi aliyopewa.

"Siyo hii, mzee. Nipe ile yenye kesi ya mbuzi wa mjane. Yangu ya jana imeishia mshtakiwa anaapa."

"Hiyo aliichukua Mashaka," akadakia mwingine. "Mkewe kawashia jiko."

Foleni nzima ikaguna. Kumbe kijiji kile kilikuwa kinakula karanga ili kijue hukumu. Kesi za watu kisiowajua kilizijua kwa majina. Majirani wawili waliogombea mfereji wa maji walikwishapatana kwa hukumu waliyoikuta imelowa mafuta. Ila kesi ya mbuzi haikuwa na mwisho, na watu walikuwa wanaumia.

Bi Mwantumu akainuka, akajipangusa.

"Sadala, mwanangu. Mbuzi wa mjane unaye humo?"

Fundi akatafuta. Watu walimzunguka hadi punda akakosa pa kusimama. Akaipata, akasoma: mbuzi hakuibiwa, alimfuata mshtakiwa mwenyewe, kwa kuwa mshtakiwa alikuwa mchuuzi wa chumvi na mbuzi alikuwa akimlamba viganja. Hakimu akaamuru mbuzi arudi kwa mjane, na mchuuzi apeleke chumvi kule kila Ijumaa. Kufikia Ramadhani wakaoana.

Kijiji kikapiga makofi. Fundi hakuwahi kumwona mtu akikitaka kilichomo ndani ya diski yake. Akasoma ya pili, akasoma ya tatu, akasahau kula.

Mfalme akatoa hukumu akiwa na karanga mdomoni. Karatasi hazitachomwa. Diski zitatengenezwa nyingi, na usoni mwa kila moja Fundi atachonga kesi tamu kwa herufi za kuonekana kwa macho, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi. Kesi itakatwa mahali patamu kabisa, na chini yake zichorwe picha za namna ya kuunda mashine ya kuisomea diski.

"Atakayetaka mwisho wake," alisema Mfalme, "atajiundia."

Fundi akakubali kwa moyo mweupe. Bi Mwantumu aliomba jambo moja tu: mahali pa kukatia apachague yeye, kwa sababu Sadala ana huruma, angewamalizia.

Funzo: Ukimwachia mjukuu wako hazina, mwachie na hamu ya kuifungua; bila hamu hiyo, hata kitu cha miaka elfu kitaishia kufukuza ndege.