Washirika wa Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Tenga?
— La muhogo!
Kichwani?
— Pa mgeni!

Basi mgeni mwenyewe alikuwa Nguchiro. Kwao ukame ulikausha hata umande, akahamia na jamaa zake ng'ambo ya mto, kwa Kiboko. Kiboko alikuwa na ghala la muhogo, na mwitu mzima uliagiza chakula kwake.

Agizo likija, Kiboko alipuliza pembe: puuuu! Wageni wakatimka: tiki tiki tiki! Aliyewahi ndiye aliyebeba tenga kumpelekea mteja. Malipo? Wiki ya kwanza, muhogo mmoja kwa kila tenga. Wiki ya pili, nusu muhogo. Wiki ya tatu, maganda!

Siku moja Nungunungu, mgeni mwenzao, akateguka mguu, tenga kichwani. Hakupewa hata hayo maganda.

"Bwana Kiboko," Nguchiro akasema, "kibarua wako ameumia."

"Kibarua? Mimi sina kibarua! Ninyi ni washirika wangu, kila mmoja bosi wa nafsi yake. Na ukichonga sana, namwita Mkaguzi Korongo akuulize kibali."

"Kumbe washirika!" Nguchiro akatikisa mkia. "Ahsante, mwenzangu."

Asubuhi akaenda mwenyewe kwa Korongo, bila kibali. Korongo akamsikiliza, akaja na miguu yake mirefu, kacha, kacha, kacha.

"Bwana Kiboko, hawa ni vibarua wako?"

"Thubutu! Ni washirika."

"Una hakika?"

"Naapa!"

"Vema. Sheria yasema washirika hugawana ghala sawa kwa sawa. Mko wangapi?"

"Sisi arobaini," Nguchiro akadakia, "na mwenzetu huyu mmoja."

Kiboko akaanguka kitako, bwaa! "Hapana, hapana! Ni vibarua! Vibarua wangu tangu siku ya kwanza!"

"Tangu siku ya kwanza?" Korongo akaandika. "Basi uwalipe tangu siku ya kwanza, muhogo mzima kwa kila tenga. Na Nungunungu umtibu."

"Lakini ni wageni! Hawana vibali!"

"Sheria ya kazi haiulizi ulikotoka. Inauliza ulichobeba."

Ghala likafunguliwa, kwaaa! Muhogo ukachomwa, ngoma ikalia, Nungunungu akacheza kwa mguu mmoja mpaka miiba ikawachoma majirani.

Ngano naitua hapa. Tamu mgawane, chungu mniachie.

Na funzo? Mgeni mwema hufunga mdomo, haendi kwa wakaguzi. Nilimwambia Nguchiro hivyo siku ileile. Yeye akaendelea kutafuna muhogo wa malipo yake.