Kwa Nini Mwenye Gari Hushika Honi Mwenyewe

Nyie mnaocheka mkimwona mwenye gari kasimama mbele ya boneti, honi mikononi kama kabebeshwa mtoto, kunyweni chai yangu kwanza niwaambie. Zamani hapa gereji haikuwa hivyo. Mtu alimwachia fundi ufunguo akaenda zake sokoni, akirudi anawasha gari na kuondoka.

Siku hizo fundi Mhina na Shekalaghe walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na binti wa Mhina alikuwa ameposwa na kijana wa Shekalaghe. Masika moja Shekalaghe akaleta gari lake breki zitazamwe. Alipolichukua siku ya tatu, honi iliyokuwa ikisikika hadi ng'ambo ya mto ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua.

Hakuuliza. Laiti angeuliza! Alikwenda kukaa kando ya barabara, karibu na kwake, akasikiliza kila gari lililopita, akiitafuta honi yake. Kufika jioni, kila honi nzuri ilikuwa yake. Akatangaza sokoni kwamba Mhina kamchomolea honi kauza, kamwekea mbovu. Kisha akatuma mshenga aseme kwamba mwanawe haoi nyumba ya wezi.

Binti wa watu akaacha kula. Uji nilimpelekea mimi, ukarudi ulivyo. Iliniuma sana.

Mhina hakubishana. Alibeba betri na nyaya, akamfuata Shekalaghe palepale barabarani, watu tukawakusanyikia. Akaifungua honi ile ile ya mafua kutoka kwenye gari la Shekalaghe, akampa.

“Ishike mwenyewe,” alisema. “Mkono wangu hauaminiki.”

Akaunganisha nyaya moja kwa moja kwenye betri. Honi ikalia mpaka kuku wakatawanyika. Na kule juu kwenye nyumba yao, mke wa Shekalaghe, ambaye hakuwa na habari yoyote, akatoka jikoni akafungua geti, kama alivyozoea kila alipoisikia honi ya mumewe.

Shekalaghe akalitazama lile geti lililo wazi.

Honi ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye skrubu inayobana waya kwenye bodi, imeota kutu kwa mvua. Mhina akaisugua kwa msasa, akaikaza, akaondoka. Shekalaghe alikwenda kwa Mhina kuomba radhi mara tatu, na harusi ikafungwa, pilau tukala.

Lakini Mhina hakuishika tena honi ya mtu wakati wa kuipima, wala mafundi aliowafundisha. Na tangu siku hiyo mwenye gari huishika mwenyewe. Wengi hudhani wanamsaidia fundi.