Hina ya Bwana Shekue

“Ukisikia hina, uliza mkono.” Mmeisikia leo, mmecheka, na sasa mnataka asili yake. Methali hii ilianza hivi.

Bi Mwanashehe wa Pangani alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Wanaume walikuwa barazani wakila pilau, wanawake ukumbini, na katikati yao pazia. Mara akamsikia mumewe, Bwana Shekue, akighani shairi alilolitunga mwenyewe:

Hina ile ya zamani, rangi imeshapauka,
Mkono ule laini, mikunjo imeushika,
Nileteeni majani, nataka hina kupaka,
Moyo umo harusini, vigelegele vyawika.

Ukumbini wakaanza kulifumbua. Wanawake wale walikulia kwenye mafumbo. Kwao shairi lisilo na kijembe halijatungwa. Wifi yake Bi Mwanashehe, Bi Saumu, ndiye aliyelifumbua upesi.

“Pole, wifi. Hina iliyopauka ndiyo wewe. Kaka anaoa.”

Bi Mwanashehe alitazama mikono yake, akaona kila mkunjo. Miaka yote ile, leo aletewe mke mwenza, tena atangaziwe mbele ya wakwe! Aliingia chumbani akaanza kufunga nguo zake arudi kwao. Lakini akaona hawezi kuondoka kwa maneno ya wifi, bila kumsikia mume mwenyewe. Alichukua bakuli la hina ya bibi harusi, akapita pazia, akasimama mbele ya wanaume.

“Bwana Shekue, hiyo hina unayoitaka ni ya mkono gani?”

Matonge yakabaki hewani. Bwana Shekue alishangaa kwelikweli.

“Kwani kuna mkono mwingine, Mwanashehe? Mimi naujua huo tu.”

“Huu wenye mikunjo?”

“Huo huo. Mikunjo hiyo imeingia mmoja mmoja nami nikiwapo. Leo nimemwona mwanetu amepambwa, nikatamani kukuoa tena.”

Bi Mwanashehe alicheka kwa furaha. Aliketi palepale mkekani, akanyoosha mkono. Bwana Shekue, ambaye hakuwahi kupaka hina maishani mwake, akampaka kama mtu anayekandika ukuta. Vigelegele vikalipuka ukumbini, na cha Bi Saumu kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Kwa siku nyingi Bi Mwanashehe alikwenda sokoni na kiganja kile kilichovurugwa, akiwaonyesha hata wasiouliza. Na tangu hapo, Pangani, kila aliyekimbilia kumfasiria mwenziwe maneno ya mtu alijibiwa: ukisikia hina, uliza mkono.